Iona: nichukue The Book of Kells (1992) au Journey into the Morn (1995)?

Mtepe77: Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu anarudi kutoka Uingereza mwezi ujao, nimemwomba aniletee CD ya Iona, ile bendi ya roki ya Kikristo yenye ladha ya Kiselti. Nafasi ni ya moja tu. Kilichoniteka ni sauti ya Joanne Hogg, yule dada wa Ayalandi ya Kaskazini. Nimwambie ipi?

Nyuzi_Sita: Ya 1992, mkuu. Albamu nzima imesimama juu ya kitabu kimoja, Injili zilizoandikwa kwa mkono na watawa karibu mwaka 800, ambacho leo kipo Trinity College, Dublin. Wainjilisti wanne wana vipande vyao kwa alama zao: mtu kwa Mathayo, simba kwa Marko, ndama kwa Luka, tai kwa Yohana. Gitaa na vinanda vya Dave Bainbridge vinapanda taratibu mpaka nywele zikusimame. Isikilize mfululizo, usirukeruke.

Mama Neema: Nyuzi, ni nzuri kweli, lakini mwenzetu kasema anafuata sauti, na hiyo ina vipande visivyo na maneno kabisa. Chukua ya 1995. Inafunguliwa na dada akiimba sala kwa Kiayalandi, sala hiyo hiyo inarudi karibu na mwisho, kisha anafunga na utenzi wa Isaac Watts kuhusu msalaba. Mimi hapo hunyamaza kabisa.

Zumari_Lamu: Naungana na mama. Halafu humo kuna wimbo Encircling, zaidi ya dakika 10, na Troy Donockley kwenye zumari za mfuko za Kiayalandi. Hazipulizwi kwa mdomo, upepo unatoka kwenye mivuo inayobanwa kwa kiwiko, na jina lake, uilleann, linatokana na neno kiwiko. Nimekulia kwenye harusi zenye zumari, mlio ule nilihisi naujua.

Kusi: Ya 1993 pia ipo, Beyond These Shores, safari ya Mtakatifu Brendan, mtawa wa Ayalandi, baharini. Robert Fripp, mpiga gitaa wa King Crimson, kaalikwa humo.

Nyuzi_Sita: Kwa sauti peke yake, sawa, mama kanishinda. Ila ya 1992 usiikose maishani.

Mtepe77: Asanteni sana. Nimemwandikia kaka sasa hivi: ya 1995. Mama Neema, nikifika kwenye ule utenzi nitarudi hapa.