James Dean Bradfield: mpiga gitaa anayeyatungia muziki maneno ya wenzake

Swali: Ndugu zangu, nasikia Bradfield, mpiga gitaa na mwimbaji wa bendi ya Manic Street Preachers kutoka Wales, huimba mashairi ambayo kwa kawaida hakuyaandika yeye. Je, mchango wake hasa ni upi?

Jibu la 1: Ndugu, ni mkubwa mno. Nicky Wire na Richey Edwards, wenzake katika bendi, walimletea maneno, mara nyingi marefu na yasiyofuata mizani, naye pamoja na binamu yake Sean Moore, mpiga ngoma, wakayatafutia muziki. Kuyafanya maneno ya namna hiyo yaimbike ni kazi ninayoistahi kuliko hata wepesi wa vidole vyake.

Jibu la 2: Kweli kabisa. Richey alipotoweka Februari 1995, watatu waliobaki waliendelea, na albamu yao ya 1996, Everything Must Go, ikawafikishia wasikilizaji wengi kuliko awali.

Jibu la 3: Tusisahau kazi zake binafsi. Katika albamu ya 2006 aliandika mwenyewe sehemu kubwa ya maneno, lakini ile ya 2020, inayomhusu Victor Jara, mwimbaji wa Chile aliyeuawa na wanajeshi mwaka 1973, ilitegemea mashairi ya Patrick Jones, kaka yake Nicky Wire.