Mnasema mnautafuta ukweli, mbona Merer hamumtaki?

Ndugu wanajamvi,

Nimevumilia vya kutosha, na leo nasema. Kwa miaka mingi nimekuwa miongoni mwa wanaoamini kwamba historia tuliyofundishwa ina mapengo, na bado naamini hivyo. Lakini kinachoendelea kati yetu sasa kuhusu piramidi za Misri si utafiti tena, ni uchu wa habari mpya usiojali kama habari yenyewe ni ya kweli.

Machi 2025 watafiti kutoka Italia waliwatangazia wanahabari kwamba chini ya piramidi ya mfalme Khafre, kule Giza, Misri, kuna nguzo zinazoshuka zaidi ya mita 600 ardhini. Siku ile watu hawakulala. Walisambaziana michoro ya kompyuta kana kwamba ni picha zilizopigwa kwa kamera, na nilipouliza rada ya setilaiti inafikaje kina hicho, ilhali hata katika mchanga mkavu wa jangwani mawimbi yake hupenya mita chache tu, niliitwa kibaraka wa maprofesa. Najua watafiti wale walieleza kwamba wanasoma mitetemo midogo ya uso wa ardhi. Vema, basi tungedai kuona hesabu zao, na tungedai wataalamu wengine wazirudie. Hakuna aliyedai. Wiki chache baadaye mazungumzo yalihamia kwenye siri nyingine, nguzo zikasahauliwa.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, timu ya mwanaakiolojia Pierre Tallet ilifukua mafunjo, yaani karatasi za matete, yenye maandishi ambayo ni ya kale kuliko mengine yote yanayojulikana. Ndani yake mna kumbukumbu za kazi za msimamizi aitwaye Merer, ambaye pamoja na wenzake wapatao 40 alisafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza wakati wa ujenzi wa piramidi ya mfalme Khufu, akaandika siku baada ya siku mahali walipopakia, walipolala na walipofikisha mzigo. Amemtaja hata Ankhhaf, ndugu yake Khufu, aliyekuwa mkubwa wa kazi. Jamani, huyu ni shahidi aliyekuwepo! Maneno yake yalifukiwa kwa zaidi ya miaka 4,500. Nilitumia jioni nne kuyaeleza haya yote kwa Kiswahili, nikaambulia majibu mawili, na mojawapo lilisema kwamba sijaleta jipya.

Hata ile njia ya mita 9 ndani ya piramidi ya Khufu, iliyothibitishwa mwaka 2023 kwa vipimo vya miuoni, chembe ndogo mno zinazotoka angani na kupenya mawe, na kwa kamera ndogo iliyopenyezwa kati ya mawe, ilizungumzwa siku mbili tu, kwa kuwa ilikutwa tupu.

Wafanyakazi wa Giza wana makaburi yao palepale, na yalianza kugunduliwa mwaka 1990. Walikuwa Waafrika wenzetu, walivunjika mifupa kwa kazi ile, wengine wakatibiwa wakapona, nasi kila juma tunawapokonya jasho lao na kuwapa viumbe wa angani.

Aliyetuletea habari ya nguzo za mita 600 arudi hapa atueleze zimefikia wapi. Na kabla hajafungua uzi mwingine, asome kwanza alichoandika Merer, kisha aje tujadiliane.