Tupeane uzoefu: mpango gani wa kuboresha shule uliacha kitu darasani kwenu?

Chaki Tatu: Juzi, nikipanga upya kabati la ofisi, nimekutana na bango lililoliwa na mchwa la Matokeo Makubwa Sasa, ule mpango wa serikali ya Tanzania wa kuinua ufaulu shuleni, nikaukumbuka mwaka 2013, pale ambapo karibu watahiniwa sita kati ya kila kumi wa kidato cha nne walikuwa wamepata daraja la sifuri, yaani wamefeli, na sisi wa shule za msingi tukaambiwa kwamba ubovu ulianzia kwetu. Naomba mlioyapitia mseme kilichobaki.

Mama KKK: Kwangu kilibaki kusoma, kuandika na kuhesabu. Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipopunguziwa masomo mwaka 2015, napata muda wa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma.

Mstaafu: Mimi nina la kutubu. Chini ya mpango huo, shule zilipopangwa kwa nafasi na rangi kufuatana na ufaulu, kijani, njano na nyekundu, yetu ilikuwa nyekundu, na mwalimu mkuu alirudi kutoka wilayani na orodha ameikunja mfukoni, hataki kuionyesha. Niliagizwa nichague watoto wazito wa darasa la sita wakariri darasa, ili wasije wakashusha wastani wa darasa la saba. Niliandika majina saba. Mmoja alikuwa msichana wa dawati la mbele, aliyekuwa akisimama kila mara na kusogea ubaoni hadi pua ikaribie kugusa chaki. Bibi yake alikuja na kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani, akaniambia, “Mwalimu, mjukuu wangu hajashindwa kusoma, ameshindwa kuona.” Nilimjibu kwamba ni agizo. Mwaka uliofuata wastani ulipanda, tukanyweshwa soda, wala hakuna aliyeuliza kwa nini watahiniwa walipungua. Msichana hakukariri, alipelekwa mjini kufanya kazi za ndani.

Jembe la Mpini: Poleni, Mwalimu. Hata kwetu yalifanyika.

Mzazi Mbishi: Pole ya nini? Apewe pole yule bibi.

Chaki Tatu: Ndugu mzazi, taratibu. Ndiyo maana nilifurahi Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023.

Mzazi Mbishi: Mimi nilikasirika, kwa sababu sasa sina pa kuanzia ninapomtafutia mwanangu shule. Mkificha orodha, uzembe nao unajificha.

Mama KKK: Njoo basi ukae darasani kwangu asubuhi moja, uwahesabu watoto, kisha ugawe ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka mzima. Ukipata jibu, utuandikie hapa.

Jembe la Mpini: Turudi kwenye mada. Kilichotusaidia sisi ni jumuiya ya kujifunza chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini: tunakutana baada ya vipindi, na mmoja anafundisha mada iliyomshinda huku wenzake wakimkosoa. Ushauri wangu ni kwamba msimwalike mwalimu mkuu, kwani watu hunyamaza.

Mama KKK: Mwalikeni, la sivyo hamtapata hata karatasi za bango kitita.

Kengele ya Saa Nne: Mimi nashauri mpake ubao rangi nyeusi upya na kuwapima watoto macho, kisha ndipo mlete mpango wenye jina refu. Ila Mstaafu hajatuambia habari za kuku.

Mstaafu: Nilimkataa. Mwalimu mkuu alimpokea.