MREJESHO: Bosi anayenifokea mbele ya wateja

Wakuu, asanteni sana. Mimi ndiye yule karani wa duka la pembejeo hapa Mwanjelwa, Mbeya, ninayefokewa mbele ya wateja na kubakizwa hadi usiku bila malipo. Mliniambia niandike kwenye daftari saa ya kuingia na kutoka, nikaandika. Jumamosi baada ya kufunga nikamwonyesha bosi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zikizidi, kila saa ya ziada analipa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Akafunua kurasa taratibu, akauliza, "Hizi zote?" Za mwezi huu kalipa.

Kufoka bado. Jana kanigombeza kisa mfuko wa mbolea ya DAP, mama mmoja wa Uyole amesimama pale pale, na hilo linaniuma kuliko hela. Akirudia, namwambia siku hiyo hiyo, tukiwa wawili.