Re: Bunduki ya wenzo iliyotumika, iuzwe bei gani? (Marekani)

> Wakuu, tunauza Marlin 336, bunduki ya wenzo ya risasi za .30-30, ina darubini, haina boksi. Duka limesema litatupa dola 300. Ni haki au tunapigwa?

Kaka, kabla ya bei hakikisha haina risasi. Vuta wenzo hadi mwisho, tazama chemba, kisha kagua mrija ulio chini ya mtutu. Risasi hubaki humo hata chemba ikiwa tupu.

Sasa umri. Kwa Marlin za kuanzia 1973 hadi mwisho wa karne iliyopita, toa tarakimu mbili za kwanza za namba ya bunduki kwenye 100. Ikianza na 24, ni ya 1976. Halafu angalia mtutu upande wa kushoto, karibu na bodi, kile chuma cha katikati kinachobeba wenzo. Ukikuta muhuri mdogo wa JM, mtutu huo ni wa kiwanda cha zamani, kabla kazi haijahamishwa na Remington, kampuni iliyoinunua Marlin mwaka 2007. Wanunuzi huulizia muhuri huo kwanza, na huongeza dau.

Hali ndiyo bei. Kadiria asilimia ya rangi ya asili iliyobaki kwenye chuma. Kona zilizolainika na maandishi yaliyofifia ni dalili kwamba imepigwa msasa na kupakwa upya, na hapo thamani inashuka. Vichwa vya skrubu vilivyochubuka vinaonyesha fundi wa kubahatisha alishaingia. Tafuta ufa kwenye kitako pale mbao inapokutana na chuma. Fungua wenzo, weka karatasi nyeupe kwenye chemba, mulika, uchungulie kutoka mdomoni mwa mtutu: mifereji ya ndani iwe na makali, bila vishimo vya kutu.

Pitisha risasi bandia tano. Ikikwama na wenzo ukagoma katikati, huenda kile kipande kinachopandisha risasi kimechimbwa na wenzo. Hurekebishika, ila mnunuzi atakata bei.

Tafadhali usiing'arishe! Futa kwa mafuta kidogo tu.

---

Naongezea. Tundu za skrubu za kufungia darubini kwenye 336 nyingi ni za kiwandani, hazina ubaya. Kwenye Winchester 94, bunduki nyingine ya wenzo, ya kabla ya 1964, tundu zilizotobolewa baadaye huwafukuza wakusanyaji.

Bei itafute kwenye minada iliyokwisha, siyo kwenye matangazo, anayetangaza anaota. Chukua bunduki zenye umri na hali kama hiyo, ondoa usafirishaji na ada. Duka linalonunua taslimu lazima libakize faida yake, kwa hiyo ofa iliyo chini sana ya bei za minada si wizi moja kwa moja. Uliza kama wanakuuzia kwa kamisheni, yaani wanakata fungu lao ikishauzwa, mara nyingi utabaki na zaidi.

Mnunuzi akiwa jimbo jingine, lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu. Majimbo mengine, California ikiwemo, yanataka hivyo hata ukimuuzia jirani wa jimbo lilelile. Na aliye kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha, isipokuwa kwa vighairi kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu, hana kizuizi hicho.