Sato wa Mjomba Masanja

*Kikundi: Wajukuu wa Bibi Kabula, Igombe*

06:12 Mjomba Masanja: Mwangaluka wote. Nimeamka na msiba. Sato wanaelea kizimba cha tatu. Nimehesabu 60 nikaacha.

06:14 Mama Neema: Pole sana kaka!! Jana si ulituma video wanagombania chakula?

06:15 Mjomba Masanja: Hao hao. Jioni saa 12 nimewamwagia, wakala kwa fujo. Hii ni sumu. Na aliyeweka namjua, ana boti humu humu mwaloni.

06:17 Shangazi Holo: Usimtaje mtu humu. Maneno ya kwenye simu hayafutiki.

06:21 Neema: Shikamooni. Mjomba, waliobaki hai wanafanyaje sasa hivi?

06:22 Mjomba Masanja: Marahaba. Wako juu kabisa, midomo nje, wanahema kama mbuzi aliyepandishwa mlima.

06:22 Neema: Waliokufa ni wakubwa au wadogo?

06:23 Mjomba Masanja: Wakubwa! Ndiyo inayouma. Wale wa kuuza mwezi ujao.

06:24 Neema: Na maji?

06:25 Mjomba Masanja: Kijani, mazito kama mlenda. Wiki ya pili sasa. Ila si ulisema mwenyewe sato anakula huo ukijani?

06:31 Neema: Anakula, ndiyo. Ule ni mwani, mimea midogo mno. Mchana unashika jua, unachukua maji na kabonidayoksaidi, unatengeneza sukari yake, na oksijeni inaachwa majini. Ndiyo maana ukienda mchana samaki wanacheza. Jua likizama utengenezaji unasimama, lakini mwani wenyewe lazima uishi, kwa hiyo unaichoma ile sukari kwa oksijeni. Sato wanavuta hiyo hiyo. Bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula huko chini nao wanavuta. Usiku kucha watu wanachota na mtungi haujazwi. Alfajiri ndipo unakauka.

06:33 Juma: Kumbe mimea inapumua?? Mimi najua inapumua kinyume chetu.

06:34 Neema: Inapumua kama wewe, usiku na mchana. Mchana inatengeneza oksijeni nyingi kuliko inayotumia, basi hatuoni.

06:36 Juma: Bibi yuko hapa anasikiliza. Anauliza lile ua lake la chumbani litamuua?

06:36 Neema: 😂 Mwambie alale. Paka wake anavuta zaidi ya hilo ua.

06:38 Mjomba Masanja: Sawa, mbona cha kwanza na cha pili wako wazima?

06:39 Mama Neema: Cha tatu si ndicho ulichowajaza kama daladala ya Buzuruga?

06:39 Mjomba Masanja: Na kiko upande wa magugu maji, upepo haufiki 🤦🏾‍♂️

06:41 Neema: Basi. Sumu haichagui ukubwa, lakini pumzi ikipungua mara nyingi wakubwa hutangulia. Na chakula cha jioni kimeongeza. Mwili unaomeng'enya unataka oksijeni zaidi, kwa masaa.

06:43 Mjomba Masanja: Chakula chenyewe mfuko bei haishikiki. Kilo moja na nusu hivi nipate sato wa kilo moja. Inayobaki inaenda wapi?

06:45 Neema: Nyingine inatoka kama kinyesi, nyingine inachomwa: kuogelea, moyo kupiga, mwili kujikarabati. Na sato ni nafuu, hajipashi joto. Ng'ombe anachoma majani mengi kwa ajili ya joto la mwili wake tu, kwa hiyo kilo moja ya nyama anaidai chakula kingi mno.

06:46 Juma: Ndiyo maana mamba anakaa miezi bila kula na mimi saa 6 natetemeka 😂

06:47 Shangazi Holo: Wewe unatetemeka kwa uvivu.

06:48 Neema: Mjomba, leo usiwalishe. Toa waliokufa wasiozee humo. Kizimba kivutwe hadi maji ya wazi, na wengine wahamishie cha kwanza. Kuanzia kesho lisha jua likishapanda, kuanzia saa 3.

06:50 Mjomba Masanja: Kukivuta kunataka boti ya injini.

06:50 Mama Neema: Nani anayo?

06:53 Mjomba Masanja: …

06:53 Shangazi Holo: 🤣🤣 Nilisema usimtaje!

07:20 Mjomba Masanja: Amekubali. Anataka petroli lita 5 na sato kumi. Walio hai.