Tupeane uzoefu: mtoto wako alipobadilika, nani alikushika mkono?

Mama Viazi Karai, Likoni

Asalam aleikum, na hamjambo nyote. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya mama mmoja niliyekutana naye jana feri ya Likoni, hapa Mombasa. Alininong'oneza kama mtu aliyeiba: "Ati mwanao ulimpeleka kwa daktari wa akili?" Nikamwambia naam, na nitampeleka tena.

Binti yangu ana miaka tisa. Baba yake alipofariki hakulia. Watu wakamsifu, mtoto mkakamavu huyu. Kumbe! Miezi miwili baadaye tumbo likaanza kumuuma kila Jumatatu asubuhi. Jumamosi mzima, Jumapili mzima, Jumatatu kajikunja mkekani. Nilimpa dawa ya minyoo mara tatu, nikamnywesha mwarobaini, akapimwa choo na mkojo, hakuna kitu. Siku moja zahanati muuguzi mmoja mtu mzima akaweka kalamu chini, akamtazama mtoto, akamuuliza: "Ukiwa shuleni, unaogopa kutatokea nini nyumbani?" Mtoto akajibu kwa sauti ndogo mno: "Mama atakufa na mimi sipo."

Baba yake alikufa Jumatatu, yeye akiwa darasani. Mimi mamake hata siku yenyewe sikuwa nimeifikiria.

Tukaandikiwa twende hospitali ya Port Reitz, kitengo cha afya ya akili. Hakupewa hata kidonge kimoja. Ni mazungumzo na kuchora. Kilichonishinda ni safari. Feri ukivuka kwa miguu ni bure, lakini ng'ambo kuna matatu, kisha tuktuk, watu wawili kwenda na kurudi, na siku hiyo karai halikai motoni. Juma la tatu sikwenda. Walioniokoa ni wanawake wa chama chetu: kila mmoja alitoa shilingi 50 kwa wiki ikawa ndiyo nauli yangu, na mmoja akakaa kibandani akanikaangia viazi. Wiki sita.

Nanyi semeni. Mliona nini kwanza, na msaada gani hasa ulifaa?

Baba wa Tuktuk, Kisauni

Waalaikum salaam dada. Nimesoma haya nimeegesha Kongowea, abiria nikamwacha apite.

Kijana wangu alikuwa na miaka 13. Akaanza kujibu ovyo, mpira akaacha, mchana kulala. Nikasema hii ni bangi. Nikapekua mkoba wake, nikakuta daftari lenye kurasa zilizochanwa, basi. Nikamchapa. Sifichi, nilimchapa mara mbili.

Nyanya yake akasema ni kijicho, akaletewa kombe: maandishi ya zafarani kwenye sahani, yakaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa. Siwezi kukejeli kombe, nimelelewa nalo. Lakini ustadh yule yule aliyeliandika ndiye aliyeniita barazani baada ya Isha: "Kombe nimekupa. Sasa mpeleke na hospitali. Huyu alikuwa wa kwanza kwa hifadhi ya Kurani, siku hizi hata nikimwita jina lake hasikii."

Ikaja kujulikana kwamba vijana wawili wakubwa walikuwa wakimvizia njiani karibu mwaka mzima, wanamnyang'anya pesa ya chakula na kumtisha. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Akasema: "Baba, wewe ukikasirika unapiga." Siku hiyo niliendesha hadi Bamburi na kurudi bila kupakia mtu.

Mara nne za kwanza kwa mshauri zililipwa na mtu nisiyemjua hadi leo. Nilimbana ustadh anitajie, akasema tu, "Imelipwa."

Mzee wa Mji wa Kale

Sisi tulichapwa, tukavuka, tukawa watu. Watoto wa leo mnawadekeza.

Baba wa Tuktuk, Kisauni

Shikamoo mzee wangu. Tuliovuka ndio tunaoandika hapa. Nilikuwa na rafiki chuoni, hakuvuka.

Mwalimu wa Gredi ya 6

Nina watoto 68 chumba kimoja. Kuna binti anang'oa nyusi zake, mmoja mmoja, wakati wa hesabu. Kuna kijana alikuwa akichora meli za bandarini hadi kamba zake, sasa anaujaza ukurasa mzima weusi. Mkorofi tunamwona siku ya kwanza. Anayenyamaza ndiye anayetupotea, kwa sababu mwalimu aliyechoka humshukuru mtoto mnyamavu, na mimi nimewashukuru wengi. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 14. Yaani huanza mbele ya ubao wangu.

Sasa nitasema la wafadhili, mnisamehe. Mwaka jana tulipata wageni wa hisani: biskuti, fulana, bango refu. Mmoja akashika kipaza sauti akawaambia watoto waseme mbele ya wenzao jambo lililowaumiza zaidi maishani. Wawili wakasema. Wakapigiwa makofi, wakapigwa picha, na saa saba basi likaondoka. Saa nane nina mtoto analia chini ya dawati, na darasa zima linajua siri ya kwao.

Sasa tuna muuguzi mstaafu. Huja kila Alhamisi, anakaa chini ya mwembe na penseli za rangi, na anayetaka kukaa naye hukaa. Wengine huenda kuchonga penseli tu, harudishwi mtu. Wazazi wanne wanamchangia nauli na chai. Kwa hiyo mwenye kutaka kutusaidia, biskuti zinatosha. Atununulie Alhamisi.

Mweka Hazina, Majengo

Hapo kwa nauli nami nina neno. Kikundi chetu kila Ramadhani hugawa unga, mchele, mafuta na tende. Safari hii tulibishana hadi karibu na daku: pesa ya kumpeleka mtoto kwa mshauri inaingia kwenye zaka? Wapo waliosema hizo ni starehe za matajiri wa Nyali. Tukamwendea maalim. Akatufungulia Sura Tawba, aya ya 60, makundi manane, akasema msiangalie gonjwa, angalieni mtu. Akiwa ni fakiri au maskini apewe, na akishapewa ni yake, ataitumia kwa haja yake. Asiyeingia humo mpeni sadaka, sadaka haina mlango.

Tukatenga fungu. Linalipa nauli, chakula cha siku hiyo, na pale inapobidi, kibarua alichokosa mzazi. Mbishi wetu mkubwa ndiye sasa anayepeleka watu kwa gari lake, lakini msimwambie nimesema.

Kitu kimoja tulikosea zamani. Tulimchangishia kijana mmoja kwenye WhatsApp, tukaweka picha, jina, mtaa na maradhi yake. Pesa zilikuja upesi ajabu. Miaka mitatu imepita, wenzake mtaani bado wanamwita kwa jina la maradhi yale. Sasa tunaandika "mtoto wa saba", na wanaojua ni nani ni watu wawili. Makusanyo yamepungua, sikatai. Watu hupenda kuona uso.

Binti wa Changamwe

Mimi nilikuwa huyo mtoto. Nina miaka 23 sasa.

Nilipokuwa na miaka 14 nilijaribu kujitoa uhai. Nyumbani walificha. Hata hospitali khaltu, dada yake mama, alisema nimekula kitu kibichi, kwa sababu wakati huo kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai na aliogopa polisi watanijia kitandani. Basi nikatibiwa tumbo, nikarudishwa na kichwa changu vile vile. Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kifungu kile kinakiuka Katiba, nilimpigia khaltu simu. Tukakaa kimya wote wawili, halafu akaniuliza kama nimekula.

Aliyenisaidia mwishoni ni 116, ile namba ya simu ya watoto, haitozwi hata senti. Nilipiga kwa simu ya khaltu akiwa anaoga. Mara ya kwanza nikakata. Mara ya pili nikakata. Mara ya tatu mama aliyepokea hakuniuliza kilichotokea, aliniuliza niko wapi na kama nimekaa salama. Nikasema nimekaa jikoni. Akasema, haya, tukae jikoni.

Wazazi, iandikeni mahali mtoto atakapoiona bila kuwaomba. Kwetu iko nyuma ya mlango wa choo, nimeibandika mwenyewe kwa ajili ya wadogo zangu.

Mzee wa Mji wa Kale

Binti, nimesoma. Hiyo namba ni tarakimu tatu tu?

Binti wa Changamwe

Tatu tu, babu. 1-1-6.

Mama Viazi Karai, Likoni

Mmeniuliza sana faraghani binti yangu yuko vipi. Tulikubaliana na shule kwamba kila Jumatatu wakati wa mapumziko apelekwe ofisini anipigie, neno moja tu. Hunipigia akaniuliza, "Mama, viazi vimeisha?" Nikisema bado, anakata.

Jumatatu iliyopita hakupiga. Nilishika simu mkononi hadi mafuta yakaungua karaini. Nikamtuma kijana wa boda akaulize langoni. Akarudi anacheka: mtoto alikuwa anaruka kamba, kasahau.